Wingu Likiwa Mgongoni

Siku niliyoacha kazi pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha dagaa, mlinipa kitenge, kiti cha plastiki na maneno mengi. Kitenge nimeshashona. Kiti ninakikalia sasa hivi hapa Bariadi, barazani kwa mwanangu. Maneno niliyasahau kabla gari halijafika Lamadi, mnisamehe, ndiyo kawaida ya maneno ya kuaga. Mlitaka na mimi niseme kidogo nikakataa, mkasema bibi ana kiburi. Sina kiburi. Nilikuwa na jambo ambalo haliwezi kusemwa watu wakigawana soda.

Basi nimeliandika. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Nkoma, shamba la pamba likanihitaji zaidi ya mwalimu. Mkikuta mstari umepinda msicheke. Chanja zenu za kuanikia nazo zimepinda, na dagaa wanakauka hivyo hivyo.

Ninawaandikia ninyi mnaoanika dagaa pale, hasa wasichana mlioanza juzi. Mmekuta wingu likija tunaitana majina kwa sauti, chanja hadi chanja, mpaka wavuvi wanatucheka. Mnadhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Haikuwa hivyo. Zamani wingu likija, jina la mtu halikutamkwa pale mchangani, na kwa sababu hiyo tulimzika mwenzetu mmoja, na mtoto wake nusura amfuate. Huyo mtoto mnamjua. Ni Limi, yule mnayelazimika kumsemesha upande wa sikio la kulia.

Habari za nani alikuwa na cheo gani na alilipwa kiasi gani siziandiki. Mwaloni hakuna siri ya namna hiyo, aliyetaka kuzijua alizijua.

Nilifika mwaloni nikiwa mjane mwenye mgongo wa kuchuma pamba. Nilidhani jua nalijua. Jua la Nkoma linakupiga kichwani, basi. La mwaloni linakupiga kichwani, linaruka majini linakupiga usoni, kisha linalala mchangani kusubiri nyayo zako. Siku ile ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado hazijakamata, mchanga ukichoma mpaka ndani ya ndala. Nilionyeshwa mwanamke mmoja mrefu, mkavu, anageuza dagaa kwa reki ya mti bila haraka. Huyo ndiye Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba, aliyenifundisha kazi yote.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

Hakuangalia uso wangu. Aliangalia utosi.

"Hicho kichwa umekileta tukuanikie?"

"Hapana, mayu."

"Basi kifunike. Hapa tunaanika dagaa."

Ndivyo tulivyofahamiana.

Nkwimba alikuwa na maneno machache na alitaka yafuatwe. Kunywa maji kabla ya kiu, maana kiu ikibisha hodi mwili umeshaishiwa. Beba uji na uutie chumvi kidogo. Dagaa wamwage asubuhi wakitoka mtumbwini, geuza jua likipanda, na jua likisimama utosini ondoka, kaa kivulini. Wengine tulikuwa tunaona aibu kukaa, tunazungukazunguka na fagio ili tuonekane. Akatuambia, "Jua halihitaji msimamizi. Liacheni lifanye kazi yake, na ninyi mfanye yenu ya kutokufa."

Kulikuwa na msichana mmoja ametoka Mwanhuzi, amekulia kwenye ng'ombe na ukame, mwenye nguvu kweli. Yeye alikataa kivuli. Alisema kwao jua ni kali zaidi na hakuna hata ziwa la kuangalia. Mchana mmoja nikamwona amesimama katikati ya dagaa, peke yake, anaongea na mtu. Anaongea kwa heshima, ameinamisha kichwa kidogo, "Ndiyo, nakuja, nimalizie hapa." Mbele yake hapakuwa na mtu. Ndoo yake aliijaza mchanga vizuri kabisa, akausawazisha kwa kiganja kama mtu anayepima mtama.

Wanawake wakarudi nyuma. Mmoja akasema ni shetani la ziwa. Nkwimba akatupita wote, akamshika mkono.

"Shetani gani? Njooni mguse ngozi hii. Mtu asiyetoka jasho kwenye jua hili anaiva."

Ngozi ilikuwa kavu kama michembe ya viazi vilivyoanikwa, na ya moto. Tukambeba kivulini, tukamlegeza nguo, tukamwagia maji shingoni na makwapani, tukampepea kwa khanga mpaka mikono ikafa ganzi. Maji ya kunywa Nkwimba alikataza mpaka akili imrudie, asije akapaliwa. Jua likielekea kushuka akafungua macho, akauliza yule bibi mwenye nguo nyeupe amekwenda wapi.

"Amekwenda kwao," Nkwimba akamjibu, hata hakusita.

Baadaye tunanawa mikono ziwani nikamuuliza ni bibi gani. Akaniambia, "Joto likizidi hufungua milango. Wewe kazi yako ni kufunga. Usiulize nani alikuwa anaingia."

Yule msichana alirudi kwao, nasikia anafuga mbuzi. Mbuzi wana akili, jua likizidi wanakaa kivulini wenyewe.

Sasa nije kwenye mawingu. Mgeni akifika mwaloni huangalia ziwa, anafikiri tufani itatoka huko. Ya ziwani huja alfajiri na kelele zake, unaiona mbali. Inayoua ni ya mchana, inayotokea nchi kavu, upande wa mbugani, nyuma yetu, wakati sisi sote tumeinama tunaangalia dagaa na maji. Inakuja kimya. Nkwimba aliiita wingu la mgongoni. Kila baada ya kugeuza safu moja ya dagaa alikuwa anageuka na yeye, anaangalia nyuma. Nilidhani anaogopa wanaomdai.

Na kazi yetu ina wazimu wake, lazima tuseme kweli. Watu wote wakiona wingu hukimbilia ndani. Sisi tukiona wingu tunakimbilia nje. Dagaa akinyeshewa anageuka manjano, ananuka, anakuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo radi inapokaribia, ndipo mchanga unapojaa wanawake, kila mmoja na beseni la bati kichwani. Kama mtu angekaa chini apange namna ya kutuua, asingepanga vizuri zaidi.

Juu ya hilo kulikuwa na mwiko. Nkwimba alinipa mapema.

"Wingu likiwa mgongoni, usimwite mtu jina. Sema 'wewe', piga makofi, fanya unavyojua. Jina hapana."

"Kwa nini, mayu?"

"Radi haina macho. Inasikiliza. Ukimtaja mtu, umeionyesha."

Sikubisha. Hata Nkoma tulikuwa na yetu, na ukienda kwa wenye chongo unafumba lako moja. Kwa hiyo mngetuona wakati ule mngeogopa. Wanawake wote wale, ambao asubuhi wanagombana mpaka ng'ambo wanasikia, wingu likija midomo inafungwa. Husikii kitu ila reki zinakwaruza na miguu inakimbia mchangani. Ukimtaka mwenzako unamrushia kijiwe. Nilikuwa na shabaha nzuri, nilisifiwa.

Mwisho kabisa wa mwalo, pale ulimi wa mchanga unapoingia majini kuna jiwe kubwa jeusi. Alikuwa anaanika hapo mwanamke aitwaye Kwangu. Mchapakazi, na alipenda kuimba taratibu akigeuza dagaa. Alikuwa na mtoto mmoja, Limi, wakati huo akiwa mdogo wa kushinda bandani na vikopo. Mchana mmoja wingu la mgongoni likaja haraka kuliko siku zote. Tukazoa tulichozoa, tukakimbilia stoo ya matofali. Kwangu akabaki, ameinama, ametupa mgongo.

Tukapiga kelele kutoka mlangoni. "Wewe! Wewe wa mwisho! Njoo, wewe!"

Pale mchangani kila mtu ni wewe. Akatupungia mkono bila kugeuka, kama unavyopunga ukidhani anayeitwa ni mwingine. Na kweli kulikuwa na mwingine, alikuwa nyuma kidogo, akaongeza mbio. Kwangu akaendelea kuzoa. Wote tulikuwa na jina lake mdomoni. Wote tulilimeza.

Radi ilimpiga hapo hapo. Sitaeleza zaidi, ila beseni lake tuliliona baadaye lina tundu dogo pembeni, la mviringo, safi, kama limetobolewa na fundi. Tulimzika kimya, maana kwa mila ya pale aliyepigwa na radi haliliwi. Limi alitembea kutoka mama mmoja hadi mwingine anatuangalia usoni, anauliza mbona hakuna anayelia. 

Watu wakasema lazima kuna mtu alilinong'ona jina.  Lakini nilimwona Nkwimba tangu siku ile: wageni wakija aliwafundisha kila jambo isipokuwa mwiko ule. Waliufundishwa na wengine. Alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho nilikwenda kumkanda miguu, akaniambia ghafla, bila kuulizwa, "Milembe, tulimwita yule kila jina isipokuwa lake." Kisha akaomba uji.

Limi alikulia mikononi mwetu. Alikula kwenye kila chungu pale mwaloni na alichapwa na kila mkono. Alipokua akachukua nafasi ya mama yake, kule kwenye jiwe. Nilimwambia ahame.

"Mayu, pale kuna upepo. Dagaa wanakauka haraka."

"Na mimi nakwambia hama."

"Nitahama," akasema, akacheka. Hakuhama. Na upepo ulikuwepo kweli.

Miaka hiyo ndipo alipoletwa zahanati nesi Zuhura, mtu wa Tanga, mpole, na mtandio wake na mwavuli. Alishuka mwaloni viatu vimejaa mchanga, akatuomba tukae. Akaongea habari za joto, nikaona ni yale yale ya Nkwimba ila kwa Kiswahili kizuri. Kisha akaongea habari za radi. Alisema ukisikia ngurumo ujue radi inaweza kukufikia hapo ulipo, usisubiri mvua. Alisema banda lililo wazi si mahali pa kujificha, wala chini ya mti, wala mtumbwini. Stoo ya matofali ifungwe mlango, au mtu akae ndani ya fuso, lile lori la dagaa, na vioo vimepandishwa. Alisema ikikaribia sana nywele zinasimama, ngozi inatambaa kama ina siafu, na vyuma vinaweza kulia.

Mbuke, yule mnene wa chanja ya tatu, akanyanyua mkono. "Nesi, hivyo vyuma vya Tanga ndivyo vinavyolia. Vya hapa ni vya Kisukuma, vimezoea shida."

Tulicheka mpaka nesi mwenyewe akacheka. Kisha akaleta gunia la mchanga, akatufundisha kumkandamiza kifua mtu asiyepumua. Aliyepigwa na radi, akasema, hana moto wala umeme ndani yake, mguseni mara moja. Sisi tulikuwa tunajua haguswi. Tukabonyeza gunia kwa heshima ya mgeni.

"Kwa nguvu, mama zangu! Kwa haraka! Kama mnasonga ugali wa msiba!"

Hapo tukamwelewa. Mwisho akasema, "Na wingu likija muitane, asiachwe mtu." Tukainamisha vichwa. Akatuangalia mmoja mmoja. "Nimesema vibaya?"

"Endelea, nesi," nikamwambia.

Wakati huo tulikuwa tumeshaacha mchanga, tunaanika juu ya chanja, zile meza ndefu za miti. Ni kazi nzuri, dagaa hana mchanga na mgongo unapumzika. Lakini nyavu za kutandika zilipochakaa tukaweka waya, kwa kuwa waya haukatiki. Waya kutoka upande wa stoo mpaka karibu na jiwe. Hakuna aliyetukataza, na hakuna tuliyemuuliza.

Sasa siku yenyewe.

Joto lilikuwa limekaa siku kadhaa bila kupungua, hata usiku watu wanalala nje. Mchana ule ziwa lilitulia kama mafuta yaliyoganda. Niliangalia majini nikaona kuna kitu kimepungua, nikashindwa kujua ni nini, mpaka nikagundua ni korongo. Wale ndege wakubwa wenye kipara, ambao hata ukiwarushia jiwe wanasogea hatua moja wanakuangalia kwa dharau, hawakuwepo. Hata mmoja. Mbwa wote walikuwa chini ya fuso, wamelala pamoja, wale ambao siku zote hawapatani. Harufu ya dagaa ilikuwa imesimama, haiendi popote.

Nikageuka nyuma. Vilima havipo. Palipokuwa na vilima kuna wingu rangi ya sufuria iliyoungua, limefika chini kabisa, na halina sauti.

Masanja, mwenyekiti wetu wa mwalo, naye akaliona. Akapiga makofi. Wanawake wakakimbilia chanja na mabeseni, midomo imefungwa. Nilikuwa ninazoa kwa mikono yote miwili niliposikia nyuki. Kwanza nilifikiri ni mzinga umehamia mahali. Kisha sauti ikasogea, ikawa kama wanawake wengi wanaoguna wimbo nyuma ya mlango uliofungwa. Nikaweka kiganja karibu na chanja. Ilikuwa waya. Waya wote ule, kutoka stoo mpaka ziwani, ulikuwa unaimba.

Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, kila kimoja peke yake. Pembeni yangu Mbuke alishusha beseni chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe. Uso wake umekuwa majivu.

Nikapiga makofi, nikaonyesha stoo. Acheni dagaa! Waliokuwa karibu walielewa, wakakimbia. Nikakimbia nami mpaka kwenye fuso lililokuwa karibu na stoo, nikageuka kuhesabu migongo, na mgongo mmoja ulikuwa bado kule mwisho.

Limi hakuwa anazoa. Hilo ndilo lililonishtua. Beseni lake lilikuwa chini. Alikuwa amesimama wima, ametazama majini, kichwa amekiinamisha upande kidogo, kama mtu anayesikiliza vizuri asikosee. Kisha akaanza kutembea, pole pole, kuelekea kwenye jiwe. Maji yakamfika vifundoni. Akaendelea.

"Wewe!" wakaita wenzangu. "Wewe! Rudi!"

Hakuna kijiwe ambacho kingemfikia pale. Nikafungua mdomo, na Masanja alikuwa mlangoni mwa stoo, akaniona.

"Mayu," akasema taratibu, "nyamaza."

Nikaita. "Limi! Limi wa Kwangu! Geuka urudi hapa!"

Sijui kama mnaelewa. Ilikuwa kama kuvua nguo mbele ya watu. Tangu nifike pale sikuwahi kusikia jina la mtu chini ya wingu, na sasa nalisikia kwa sauti yangu mwenyewe, linakwenda juu ya maji.

Limi akageuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa. Akaniona, akaanza kukimbia kuja kwangu, akatoka majini, akafika mchanga mkavu. Kisha kukawa kweupe. Mlio sikuusikia, niliusikia kwa meno. Macho yaliporudi, lile jiwe lilikuwa linatoa moshi, limechanika kipande, na Limi amelala kifudifudi kati ya jiwe na chanja ya mwisho.

Waya ulikuwa umenyamaza.

"Umemtaja," Masanja akasema. Hakufoka, afadhali angefoka. "Umemwonyesha."

"Asiguswe!" mtu mwingine akasema. "Bado ana moto."

Nilikwenda. Nesi angeniambia nisubiri au angeniambia niwahi, sikuwa na nafasi ya kumuuliza. Nilikimbia nimeinama, na magoti haya haya mnayoyajua. Nilipomfikia nikasita kidogo mkono ukiwa juu ya bega lake, nakiri, maana niliyoambiwa tangu utoto yote yalikuwa kwenye ule mkono. Kisha nikamshika. Lilikuwa bega la mtu tu, lina jasho na magamba ya dagaa. Nikamgeuza. Hapumui.

Nikasonga ugali wa msiba. Nikasonga kwa nguvu na haraka, namwita kila nikibonyeza, nikiwa nimeshalitaja jina, ya nini tena kulificha? Limi. Limi. Limi. Nikasikia mtu anahema pembeni, ni Mbuke, amekuja anatetemeka mwili mzima na bado amekuja. Tukapokezana. Dereva wa fuso akasogeza gari mpaka pale, akashuka, akatusaidia kumwingiza ndani, tukafunga vioo, tukaendelea humo humo tumebanana, dereva anasali kwa sauti na Mbuke anamwambia, "Sali huku unashika miguu!" Mvua ilikuwa imeanza kupiga bodi Limi alipokohoa, kikohozi kibaya, kama cha mbuzi. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Zahanati nesi Zuhura alimpokea, wakampeleka hospitali huku Bariadi.

Siku alizokuwa hospitali hakuna aliyenisalimu mwaloni. Nikifika, mabeseni yanahama. Nikisema mwadila, wanajibu wanaangalia pembeni. Mke wa Masanja alisema nikiwa nasikia, "Anayeita chini ya wingu anajua anamwitia nani." Nilijua wanachongoja. Limi akifa, mimi ndiye niliyemuua, na hapo pasingekuwa kwangu tena. Nilianika dagaa wangu. Niligeuza safu moja, nikageuka kuangalia nyuma, nikageuza nyingine.

Limi alirudi asubuhi moja na gari la dagaa, amekonda, sikio la kushoto limekufa. Mgongoni alikuwa na alama nyekundu, tuliziona wakati anaoga, matawi matawi yanayojigawa mpaka yanaisha, kama kivuli cha mmea. Zilifutika baadaye. Masanja alikuja na watu wakakaa kumzunguka bandani, nami nikakaa pembeni kwenye ndoo, nikijua ni kesi yangu.

"Mwanangu," Masanja akamwambia, "tunajua kilichokupata. Ulitajwa."

"Nilitajwa," Limi akasema. "Lakini Mayu Milembe hakunitaja wa kwanza."

Akanyoosha kidole kwenye jiwe.

"Nilikuwa nazoa. Mtu akaniita kutoka upande wa jiwe. Jina langu, taratibu, kama mtu anayenijua vizuri. Nikasema kuna mwenzetu yuko majini amezidiwa mpaka amevunja mwiko, nikaenda kumsaidia. Nilikuwa karibu kufika. Ndipo Mayu akaniita huku nyuma, kwa ile sauti yake mbaya."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Sauti ya kwanza," Masanja akauliza, "ilikuwa ya nani?"

Limi aliangalia maji, akaangalia mikono yake.

"Ningejuaje, baba? Hakuna aliyewahi kuniita chini ya wingu. Sikujua ya mtu inasikikaje."

 Mke wa Masanja ndiye aliyeinuka kwanza. Akachukua kikombe, akachota uji, akaja akanipa mimi. Tuliendelea na kazi.

Nesi Zuhura nilimweleza. Aliniambia umeme ukiwa mwingi hewani masikio husikia mambo, na joto la siku zile lilitosha kumvuruga mtu. Inawezekana. Nesi ana akili na simpingi. Waya tuliutoa wiki ile ile, tukarudisha nyavu. Na wingu la mgongoni lilipokuja tena, tulisimama tunaangaliana, hakuna anayetaka kuanza, mpaka Masanja akajikohoza akaita jina la mke wake kwa sauti ya kwenda ng'ambo.

"Nimesikia!" mkewe akajibu kwa hasira. "Mimi si kiziwi!"

Tulicheka, na tukicheka hivyo tukaitana wote, chanja hadi chanja, tukaingia stoo. Dagaa walinyeshewa. Kuku wa Lamadi walifaidi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Tangu hapo hatujazika mtu kwa ajili ya radi pale. Mkiingia stoo fungeni mlango na msiegemee ukuta, na ngurumo ya mwisho ikishasikika kaeni muda wa kusonga ugali na kuula kabla hamjatoka. Mtu akianguka mguseni.

Na kuna jambo moja sikuwahi kulisema, ndilo nililoshindwa kulisema kwenye soda. Miaka yangu hii ya mwisho, tukishaitana na wote wameitika na mlango haujafungwa, kulikuwa na kimya kidogo kule kwenye jiwe. Si kila mara. Kimya kama cha mtu aliyekuja nyumbani kumwulizia mmoja, akakuta nyumba imejaa watu. Limi naye alikuwa anakisikia, nilimwona akigeuzia huko lile sikio lililokufa. Hatukukizungumza.

Kwa hiyo wavuvi wakicheka waacheni wacheke. Wingu likija, tupeni dagaa, iteni. Iteni jina la mtu na la mzazi wake, kwa sauti, msichoke mpaka ameitika. Kama kuna kingine kinachotaka kuita, kikute ameshawaitika ninyi.